Mwongozo kamili wa kuutembelea Dubrovnik, mji mkongwe uliozungukwa na ukuta

Dubrovnik ni mji mdogo kuliko sifa zake. Ukuta unaouzunguka mji mkongwe pande zote bila kukatika una urefu wa mita 1,940, na barabara kuu ya ndani ina mita kama 300 tu, kwa hiyo mtu anaweza kutoka lango la magharibi hadi lango la mashariki kwa dakika chache bila kuharakisha. Hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Kwa kuwa mji ni mdogo, wanautengea saa chache: wanashuka melini asubuhi, wanabanana na maelfu ya wenzao kwenye barabara ile moja, wanapiga picha, kisha wanaondoka wakisema kwamba mji umefurika watu na bei zake hazishikiki. Wanayoyasema ni kweli, ila ni kweli ya muda wa saa tano au sita tu za mchana. Mahali pasipopitika saa sita adhuhuri huwa pametulia kabisa saa moja asubuhi, na kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata saa kuliko ramani, kuanzia maandalizi ya nyumbani hadi siku ya tatu ya ziara.

Mji uko kusini kabisa mwa Kroatia, kwenye Bahari ya Adriatiki, ambayo ni mkono wa Bahari ya Mediteranea. Tangu 1358 hadi 1808 ulikuwa makao ya jamhuri ndogo ya wafanyabiashara na mabaharia iliyojulikana kwa jina la Ragusa. Jamhuri hiyo haikuwa na jeshi la kutisha mtu. Watu wake walikuwa Wakatoliki, na bado walimlipa sultani wa Waturuki wa Osmani dukati 12,500 kila mwaka ili misafara na majahazi yao yapite salama katika himaya yake. Na wakati huohuo, wakiwaogopa Wavenisi, watu wa mji wa Venisi ulio ng'ambo ya Adriatiki, hata kuliko Waturuki, waliendelea kuunenepesha ukuta wao karne baada ya karne. Ukilishika jambo hilo moja, kwamba huu ulikuwa mji wa watu waliolipa kwa mkono mmoja na kujenga kwa mkono wa pili, utaelewa karibu kila jiwe utakaloliona.

Hatua ya kwanza: chagua msimu

Miezi bora ni Mei, nusu ya kwanza ya Juni, nusu ya pili ya Septemba na mwanzo wa Oktoba. Bahari huwa na joto la kutosha kuogelea mwezi Septemba kuliko Mei, kwa hiyo mwenye kupenda maji achague mwisho wa kiangazi. Julai na Agosti zina jua kali linalogonga jiwe jeupe na kurudi usoni, na ndiyo miezi ambayo meli za kitalii hufuatana bandarini. Tangu 2019 halmashauri ya mji imekubaliana na kampuni za meli kwamba zisizidi mbili kwa wakati mmoja, na hali imekuwa afadhali, lakini meli mbili kubwa bado huleta maelfu ya watu. Ratiba ya meli hutangazwa mapema kwenye intaneti. Itazame kabla ya kukata tiketi ya ndege, kwa maana siku yenye meli moja na siku yenye meli mbili zinatofautiana sana.

Kuanzia Novemba hadi Machi vyumba hupatikana kwa bei ndogo, lakini mikahawa mingi hufungwa, mvua ni nyingi, na boti za kwenda kisiwa cha Lokrum husimama. Kuna siku moja ya baridi inayostahili safari nzima, nayo ni tarehe 3 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Blasi, mlezi wa mji, ambaye wenyeji humwita Sveti Vlaho. Parokia za vijijini huingia mjini na bendera zao, masalia ya mtakatifu hutembezwa barabarani, na mji mzima huwa mali ya wenyeji kwa siku hiyo. UNESCO iliiingiza sikukuu hii katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2009. Mji mkongwe wenyewe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1979.

Mtu wa pwani yetu atauelewa upesi utaratibu wa pepo za huko. Upepo uitwao jugo, neno lenye maana ya kusini, ni kusi yao: huja na unyevu, mawimbi na mawingu mazito, na husimuliwa kwamba wakuu wa jamhuri waliepuka kutoa maamuzi makubwa ulipovuma kwa sababu uliharibu akili za watu. Bura hutoka kaskazini mashariki, ni baridi na kavu, nao huacha anga safi. Jugo ukivuma kwa nguvu, boti hukatizwa na njia ya juu ya ukuta hutelezesha, basi siku hiyo ipeleke kwenye majumba na makumbusho.

Hatua ya pili: viza

Kroatia iliingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka kati yao, tarehe 1 Januari 2023, na siku hiyohiyo ilianza kutumia euro badala ya sarafu yake ya zamani iliyoitwa kuna. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiletwe chini ya siku 15 kabla yake. Ushauri wangu ni kuanza miezi mitatu kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Utatakiwa kuonyesha bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, mahali pa kulala, tiketi ya kwenda na kurudi, na uthibitisho wa fedha na wa kazi au biashara yako nyumbani. Kabla ya kujaza fomu, soma tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Kroatia ujue ni ubalozi gani unaopokea maombi ya nchi yako, kwa sababu si kila nchi ina ubalozi wa Kroatia.

Zingatia aina ya viza yenyewe. Mpaka wa Bosnia na Herzegovina na mpaka wa Montenegro yote iko karibu sana na Dubrovnik, na mawakala wa mjini huuza safari za siku moja kwenda Mostar na Kotor. Nchi hizo mbili haziko ndani ya Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja akitoka kwenda Kotor kula chakula cha mchana hataweza kurudi hotelini kwake. Omba viza ya kuingia mara nyingi ikiwa una mpango huo, ukiulizia pia masharti ya nchi unayokwenda. Ama sivyo ziache safari hizo.

Hatua ya tatu: kufika

Kutoka Afrika Mashariki njia nyepesi ni ndege ya kupitia Istanbul, au kupitia mji mwingine mkubwa wa Ulaya, au kufika Zagreb kwanza na kuunganisha ndege ya ndani. Uwanja wa ndege uko Čilipi, kama kilomita 20 kusini mashariki mwa mji, na basi la uwanjani huteremsha abiria karibu na mji mkongwe kabla ya kuendelea hadi kituo kikuu cha mabasi, Gruž. Uliza mapema linasimama wapi siku hiyo, kwa sababu Gruž iko kilomita kama tatu kutoka kwenye ukuta, na mtu asiyejua hujikuta amepitishwa.

Wanaotoka Split kwa basi husafiri zaidi ya kilomita 200 kando ya bahari. Zamani njia hiyo ilipita lazima katika kipande cha ardhi ya Bosnia pale Neum, lakini tangu Julai 2022 kuna daraja la Pelješac, lenye urefu wa mita 2,404, linalounganisha Kroatia na Kroatia. Mwenye viza ya kuingia mara moja na aulize kampuni ya basi kama gari linapita darajani, asikisie. Kiangazi kuna pia boti za mwendo kasi kutoka Split, na feri inayovuka kutoka Bari, Italia.

Hatua ya nne: lala ndani au karibu na ukuta, siku mbili au tatu

Hapa ndipo fedha zako zifanye kazi. Usiku mmoja ndani ya mji mkongwe, au hatua chache nje yake katika mitaa ya Pile na Ploče, una thamani kuliko usiku tatu katika hoteli nzuri iliyo mbali, kwa sababu unakupa alfajiri na usiku, nyakati mbili ambazo mji unapumua. Bei za ndani ni kubwa. Watu wenye bajeti ndogo hulala Lapad au Gruž na kupanda basi la mjini, na mabasi hayo ni mengi na ya kutegemewa.

Kabla ya kulipia chumba ndani ya ukuta, uliza ngazi ni ngapi. Upande wa kaskazini wa barabara kuu mitaa yote ni ngazi zinazopanda kwenye mlima, na nyumba nyingi hazina lifti. Magari hayaingii. Mzigo utaubeba mwenyewe, na hapa niombe kwa niaba ya wenyeji: beba begi la mgongoni. Magurudumu ya mabegi juu ya mawe, usiku kucha, msimu mzima, ni kero ambayo halmashauri imewahi kuwaomba wageni waziwazi waiache. Wakazi wa kudumu ndani ya ukuta wamepungua sana tangu 1991, kwa sababu nyumba zimegeuka vyumba vya kupangisha, na kila jambo dogo linalowafanya waliobaki wachoke lina uzito. Kutembea mjini na nguo za kuogelea, au kifua wazi, kuna faini.

Hatua ya tano: tiketi

Tiketi ya kupanda ukuta ni ghali. Miaka ya karibuni bei yake katika msimu imekuwa kati ya euro 35 na 40 kwa mtu mzima, na majira ya baridi hushuka. Kabla ya kuinunua peke yake, tazama bei ya kadi iitwayo Dubrovnik Pass, ambayo huwa inalingana au kukaribiana nayo, na ambayo pamoja na ukuta inakupa makumbusho kadhaa na mabasi ya mjini. Kwa karibu kila mgeni kadi hiyo ni faida. Tiketi ya ukuta inakuruhusu pia kuingia ngome ya Lovrijenac iliyo nje ya ukuta, kwa hiyo usiitupe ukishashuka. Kama fedha hizo zinakuuma, faraja iko hapa: ukuta unatunzwa na Chama cha Marafiki wa Mambo ya Kale ya Dubrovnik, kilichoundwa mwaka 1952, na mapato ya tiketi ndiyo yanayoshika mawe yasianguke.

Jioni ya kwanza: utazame mji kutoka nje

Ukifika, usikimbilie ndani. Nenda Pile, upande wa magharibi, usimame kwenye daraja la mawe mbele ya lango. Chini yako palikuwa handaki. Kipande cha mwisho cha daraja ni cha mbao, nacho kilivutwa juu kila jioni kwa minyororo, funguo za mji zikakabidhiwa kwa mkuu wa jamhuri. Juu ya lango utaona sanamu ya Mtakatifu Blasi akiushika mji mkononi. Ataonekana tena kila lango na kila ngome, na ni vizuri kumzoea mapema.

Ingia giza linapoanza. Barabara kuu, ambayo jina lake rasmi ni Placa na wenyeji huiita Stradun, imepigwa msasa na nyayo za karne nyingi hadi mawe yake yanang'aa kama yamemwagiwa maji. Yakiloa kwelikweli huteleza, basi vaa viatu vyenye soli ya mpira. Zamani hapa palikuwa na mkondo wa maji uliotenga kijiji cha mwambani na kijiji cha Waslavi chini ya mlima. Mkondo ulifukiwa, vijiji viwili vikawa mji mmoja. Tembea hadi mwisho, rudi kwa vichochoro vya kusini, ule chakula cha usiku, ukalale mapema.

Asubuhi ya pili: ukuta

Kiangazi ukuta hufunguliwa saa mbili asubuhi, ambayo kwenye mabango imeandikwa 08:00. Fika robo saa kabla. Milango ya kupandia ni mitatu: Pile, Ploče karibu na kanisa la Mtakatifu Luka, na ngome ya Mtakatifu Yohane bandarini. Watu wote hutembea upande mmoja, kinyume cha mshale wa saa, na kundi kubwa huanzia Pile. Anzia Ploče. Sababu ni mbili: foleni ni fupi, na mpando mkali wa kuelekea mnara wa Minčeta utaumaliza kwanza, jua likiwa bado chini, ilhali walioanzia Pile wataukuta mwishoni wakiwa wamechoka. Mzunguko mzima una ngazi zaidi ya elfu moja na huchukua saa moja na nusu hadi mbili kwa mwendo wa kutazama. Kivuli ni haba. Beba kofia na maji, nenda msalani kabla, na uiweke tiketi karibu kwa kuwa hukaguliwa zaidi ya mara moja. Mwenye matatizo ya magoti au moyo atosheke na kipande cha bandarini, kilicho tambarare zaidi.

Njiani kuelekea Minčeta, linganisha unene. Ukuta wa upande wa nchi kavu una mita nne hadi sita, na wa upande wa bahari una mita moja na nusu hadi tatu, kwa sababu bahari yenyewe na miamba vilikuwa walinzi. Minčeta ulikuwa mnara wa pembe nne tangu karne ya 14. Konstantinopoli ilipoanguka mwaka 1453 mbele ya mizinga ya Waturuki, wakuu wa Ragusa walielewa kwamba kuta nyembamba na pembe kali zimekwisha kazi. Wakamleta msanifu majengo Michelozzo kutoka Firenze, Italia, kuuvika mnara gamba nene la mviringo, na Juraj Dalmatinac akaumalizia mwaka 1464. Aliyewahi kusimama Fort Jesus, Mombasa, atatambua mwendelezo wa somo hilohilo: ngome ile, iliyochorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati na kujengwa kuanzia 1593, imelala chini, ina kuta zilizoinama na pembe zilizochongoka, kwa kuwa kufikia wakati wake wajenzi walikwisha jifunza kuikwepa risasi ya mzinga badala ya kuipokea. Minčeta ni hatua ya katikati ya safari hiyo ya fikra.

Juu ya Minčeta simama usome mapaa. Vigae vingine vimekwajuka, vina rangi ya majani makavu. Vingine, vilivyo vingi zaidi, ni vyekundu vya kuwaka. Hivyo vyekundu ni vya baada ya vita. Mji ulizingirwa kuanzia Oktoba 1991, Yugoslavia, nchi ambayo Kroatia ilikuwa sehemu yake, ilipokuwa ikivunjika, na tarehe 6 Desemba 1991 ulipigwa makombora vibaya kuliko siku nyingine yoyote. Takriban theluthi mbili ya majengo ya mji mkongwe yaliguswa. UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1991 hadi 1998, na mafundi wakarudisha mawe na vigae kimoja kimoja. Wageni wengi huyapiga picha mapaa haya kwa uzuri wa rangi yake bila kujua kwamba wanapiga picha ya kidonda kilichopona.

Kutoka Pile njia hugeuka kuelekea bahari, na hapa ukuta unakupeleka juu ya maisha ya watu: bustani ndogo za ndimu, kamba za nguo, watoto. Tazama, lakini kamera usiielekeze madirishani. Mwishoni utafika ngome ya Mtakatifu Yohane, iliyolinda bandari. Kati yake na gati la Kaše mnyororo ulivutwa usiku ili chombo chochote kisiingie. Ndani yake sasa kuna Makumbusho ya Bahari, na kwa mtu wa pwani haya ndiyo makumbusho ya kwanza kuyaona: mifano ya merikebu, vyombo vya unahodha, na ushahidi wa mji mdogo uliomiliki moja ya makundi makubwa ya meli za biashara katika Mediteranea ya karne ya 16.

Mchana: ondoka

Ikifika saa tano, umati wa meli umeshaingia. Ondoka. Boti za Lokrum hutoka bandari ya zamani na kufika kwa dakika 10 hadi 15. Kisiwani kuna misitu ya misonobari, magofu ya monasteri ya Wabenedikti, tausi wanaotembea huru, na ziwa dogo la maji ya chumvi linalofaa kwa wasiojua kuogelea vizuri. Kulala ni marufuku na kuvuta sigara pia, na boti ya mwisho haikusubiri. Asiyetaka boti avuke lango la Ploče hadi Lazareti, majengo marefu yaliyo kando ya bahari. Mwaka 1377 baraza la Ragusa liliamuru kwamba watokao sehemu zenye tauni wakae siku 30 mahali pa pekee kabla ya kuingia mjini. Baadaye, kwingineko, siku zikawa 40, zilizoitwa kwa Kiitalia quaranta, na kutoka hapo Kiswahili kikapata neno karantini. Lazareti ni majengo ya baadaye, yaliyoanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 16, lakini wazo lenyewe lilipata sheria yake ya kwanza hapa.

Alasiri: ndani ya mji

Rudi kama saa kumi, umati unapopungua, na uanzie Pile. Jengo kubwa la mviringo mbele yako ni bomba la maji la mji, lililokamilishwa na Onofrio della Cava mwaka 1438, likilishwa na mfereji uliotoka chemchemi za Šumet, kilomita kama 12 kutoka mjini. Maji yake bado yananyweka. Jaza chupa, usinunue. Kando yake ni monasteri ya Wafransisko, yenye duka la dawa linalohesabu miaka yake tangu 1317 na baraza ya nguzo pacha ambapo joto la nje husahaulika.

Ukitembea Stradun, angalia milango ya maduka: nusu yake ni mlango na nusu ni meza ya kuuzia. Nyumba zote zinafanana kwa sababu zilijengwa pamoja kwa amri, baada ya tetemeko la tarehe 6 Aprili 1667 kuuangusha mji na kuua maelfu ya watu. Mwishoni, kushoto, ni jumba lililonusurika, Sponza, lililojengwa kati ya 1516 na 1522. Lilikuwa forodha na mahali pa kufulia sarafu. Juu ya tao ilipokaa mizani pameandikwa kwa Kilatini kwamba mizani zetu zinakataza kudanganya na kudanganywa, na kwamba ninapopima bidhaa, Mungu mwenyewe ananipima mimi. Leo ndilo nyumba ya nyaraka za jamhuri, na chumba kimojawapo kinaonyesha picha za vijana waliokufa wakiulinda mji mwaka 1991 na 1992. Ingia kimya.

Jumba la Mkuu liko hatua chache mbele. Mkuu wa jamhuri, aliyeitwa knez, alitawala mwezi mmoja tu na hakuruhusiwa kutoka nje ya jumba isipokuwa kwa kazi za serikali. Juu ya mlango wa ukumbi wa baraza aliandikiwa asahau mambo yake binafsi na kushughulikia ya umma. Katika ua kuna sanamu ya Miho Pracat, nahodha aliyeiachia jamhuri utajiri wake, mtu pekee asiyekuwa wa koo za kutawala aliyepewa heshima hiyo. Naomba msomaji wa pwani yetu akumbuke jambo jingine akiwa humo: mwezi Januari 1416 baraza la Ragusa liliwakataza raia wake kununua na kuuza watumwa, likiita biashara hiyo ya aibu na uovu. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Katika miaka 457 iliyo kati ya tarehe hizo mbili mna makaburi mengi ya watu wetu.

Malizia kwa kanisa kuu na hazina yake, kisha panda ngazi pana za Wajesuti. Sinagogi ndogo ya mtaa wa Žudioska, iliyoanzishwa na Wayahudi waliofukuzwa Hispania, ni miongoni mwa zile kongwe barani Ulaya zinazotumika hadi sasa. Katika mtaa wa Miha Pracata kuna mahali pa kusalia pa jumuiya ya Waislamu. Ulizia saa za kufunguliwa.

Chakula

Epuka meza za Stradun. Kwenye vichochoro na nje ya ukuta utakula vizuri kwa bei pungufu, na soko la asubuhi la uwanja wa Gundulić hutoa matunda na tini kavu za kubeba. Chaza wa Ston ni fahari ya mkoa huu. Wali mweusi uliopikwa kwa wino wa ngisi ni mtamu sana, ila Mwislamu na asiyekunywa pombe ajue kwamba huo, na kome wa buzara, kwa kawaida hupikwa kwa divai nyeupe. Pršut ni nguruwe. Samaki wa kuchomwa kwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu ndiye jibu salama, naye hupimwa kwa kilo, basi uliza uzito na bei kabla hajaenda jikoni. Ukitoa fedha kwenye mashine, itakuuliza kama ubadilishiwe hapohapo kwa sarafu yako. Kataa, uchague euro.

Siku ya tatu: Srđ, Lovrijenac na Ston

Mlima Srđ una mita 412. Kigari cha waya hupanda kwa dakika chache. Kilizinduliwa 1969, kikaharibiwa vitani, kikarudi 2010. Njia ya miguu ni ya mawe na haina kivuli, ianze alfajiri. Juu kuna ngome ya Wafaransa iliyoshikiliwa na walinzi wachache wakati wa mzingiro, na ndani yake makumbusho ya vita. Kutoka hapo ndipo utaona kwa nini mji ulijengwa ulivyo: mlima mgongoni, mwamba miguuni, bandari mfukoni.

Lovrijenac iko nje ya Pile, juu ya mwamba wa mita 37. Kuta zake za upande wa bahari ni nene hadi mita 12, lakini ule unaoutazama mji una sentimita 60 tu, ili kamanda yeyote atakayeigeuza ngome dhidi ya wananchi avunjiwe kwa mizinga michache. Juu ya lango pameandikwa kwamba uhuru hauuzwi hata kwa dhahabu yote.

Mwenye nusu siku iliyobaki apande basi la Ston, kama kilomita 50 kaskazini magharibi. Jamhuri ilianza kujenga ukuta huko mwaka 1333 kulinda mashamba ya chumvi, na kilomita tano na nusu za ukuta huo bado zimesimama, zikipanda mlima kutoka Ston hadi Mali Ston. Chumvi bado inavunwa. Mabasi ya kurudi ni machache, na mwisho wa juma ni machache zaidi; piga picha ratiba iliyobandikwa kituoni kabla hujaanza kupanda.